Jipe na Chala kwa Gari la Kulala: Vidokezo kwa Familia Inayoanzia Voi

Ukitaka kujua tunavyoidharau Voi, simama kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu mwezi wa Agosti. Magari ya Nairobi yanateremka Mombasa, ya Mombasa yanapanda Nairobi. Watu wanajinyoosha, wananunua soda na karanga, watoto wanakimbizwa chooni, kisha mwendo ni ule ule. Wachache mno ndio wanaokata kona kuelekea Mwatate. Na barabara hiyo, takriban kilomita 110 za lami hadi Taveta, ndiyo inayokupeleka kwenye milima ya ukungu, soko la ndizi, na maziwa mawili yaliyo chini ya Kilimanjaro, Jipe na Chala.

Gari la kulala si lazima liwe lile jumba la magurudumu lenye choo na friji. Hiace iliyong'olewa viti vya nyuma ikatiwa mbao na godoro inatosha. Noah inatosha kwa familia ya watoto wawili wadogo. Land Cruiser ya kukodi yenye hema juu inatosha na kuzidi. Kinachokwamisha safari hizi aghalabu ni mipango, na ndiyo tutakayoizungumzia hapa.

1. Jua mapema kwamba duara halifungi

Kila mtu akisikia ziwa anataka kulizunguka. Jipe halizunguki. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote Taita Taveta, takriban kilomita za mraba 30, lakini mpaka wa Kenya na Tanzania umepita ndani yake. Sehemu ya ufuo wa upande wetu iko katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Ng'ambo ni wilaya ya Mwanga, chini ya milima ya Pare. Hakuna njia ya umma inayounganisha pande hizo mbili kwa kupitia kusini.

Kwa hiyo una mambo mawili ya kuchagua. La kwanza ni nusu duara: Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta, Chala, Jipe, kisha kurudi Voi. La pili ni kuvuka mpaka Taveta, uingie Holili, ufike Himo, ushike barabara ya kwenda Tanga hadi Kifaru, halafu uteremke ziwani upande wa Upareni, na kurudi kwa njia ile ile. Kama ni mara ya kwanza na una watoto, shika la kwanza. Forodha na mtoto mwenye usingizi ni vitu viwili visivyopatana.

2. Gari lichaguliwe kwa kilomita mbaya

Lami ya kwenda Taveta itakudanganya. Gari lolote litaimeza. Mtihani unakuja ukiiacha lami kuelekea Jipe: vumbi, mashimo, na sehemu zenye udongo mweusi ambao ukilowa hushika magurudumu na kukataa kuyaachia. Angalia basi tumbo la gari liko juu kiasi gani baada ya kupakia, si kabla. Godoro, maji, mtungi wa gesi, watu watano na nyanya aliyesisitiza kubeba sufuria yake mwenyewe ni uzito mwingi kwa springi za Noah.

Chukua spea mbili badala ya moja, pampu, kamba ya kuvutia gari, koleo, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Ubao huo watu huusahau, nao ndio unaozuia jeki kuzama kwenye mchanga mtoto akiwa analia na jua liko utosini.

Kabla ya kuondoka, laleni ndani ya gari usiku mmoja uani kwenu. Mtajua nani anakoroma, nani anaamka kunywa maji, na kama dirisha linafunguka bila kuingiza mbu. Chandarua kishonwe kabla ya safari. Taveta ni nchi ya malaria.

3. Msimu

Nenda kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari kama unaweza kustahimili joto. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yaache yapite. Novemba mvua za vuli zinaweza kukufungia Jipe siku mbili usizozipanga. Ukiwa na likizo ya Desemba tu, ulizia hali ya barabara ukiwa bado Taveta. Waendeshaji bodaboda wanaijua kuliko ramani ya simu.

4. Anza safari jioni ya kwanza ukiwa Voi, wala usiende mbali

Familia nyingi hupoteza siku ya kwanza kwa kujaribu kufika mbali mno. Fika Voi mchana, nunua mahitaji sokoni, lala. Anayetoka Nairobi au Mombasa bila gari anaweza kuja kwa treni ya SGR, ambayo ina stesheni hapa tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, akapokelewa na gari alilokodi. Watoto watapenda treni, na dereva ataanza safari hajachoka.

Jaza tangi Voi. Jaza tena Taveta hata kama mshale uko nusu, maana kule Jipe usitegemee kituo cha mafuta. Andika pia mahali pa hospitali: Voi kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi, na Taveta kuna hospitali ya kaunti ndogo. Kikohozi cha mtoto hakingoji urudi Nairobi.

5. Mlima wa Wundanyi hupandwa kwa gia, na huteremkwa kwa gia

Mwatate ni kama kilomita 25 kutoka Voi, penye shamba kubwa la mkonge ambalo mistari yake huwapa watoto mchezo wa kuhesabu hadi wachoke. Hapo kata kulia upande wa Wundanyi. Barabara inajikunja kona baada ya kona, na ndani ya muda mfupi joto la Voi linageuka kuwa baridi ya sweta. Kilele cha Vuria, kilicho juu kuliko vyote katika milima ya Taita, kina mita 2,208.

Gari lililosheheni lipandishe polepole ukitazama geji ya joto. Wakati wa kuteremka tumia gia ndogo; anayekanyaga breki kuanzia juu hadi Mwatate atanusa breki zinazoungua kabla hajafika chini. Mtungi wa gesi ufungwe wima, na mdomo wake ukazwe kabla ya kuanza kona hizo.

Huku juu usiku mmoja unatosha kwa wengi, ingawa mimi ningekaa hata mitatu. Msitu wa Ngangao una ndege wasiopatikana popote duniani isipokuwa kwenye milima hii, akiwemo kurumbiza wa Taita, na ni msitu ambao mtoto wa miaka saba anaweza kuutembea kwa miguu yake pamoja na kiongozi wa hapo. Agizeni kimanga kwa chakula cha jioni: mihogo au ndizi au viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe, chakula kizito cha Wataita kinachomfanya mtoto asahau biskuti. Na mkionyeshwa mapango ambamo mafuvu ya wazee wa zamani yamehifadhiwa, nendeni na mwenyeji, msiguse kitu, na ulizeni kabla ya kutoa simu ya kupiga picha. Ni makaburi ya mababu wa watu mnaokula chakula chao.

6. Kati ya Maktau na Taveta endesha mchana tu

Kipande hiki cha barabara kinakata ndani ya Tsavo Magharibi. Tembo huvuka bila kuuliza, na usiku ngozi yao iliyojaa vumbi jekundu haionekani mpaka umewakaribia mno. Ukimwona mmoja barabarani simama mbali, usipige honi, usiwashe taa kubwa. Nyuma yake kwa kawaida kuna wengine.

7. Wape watoto kisa kimoja cha vita

Safari ndefu inahitaji hadithi, na barabara hii inayo. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vichanga. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea huko ili kubeba askari na, zaidi ya yote, maji, kwa sababu nyika hii ilikuwa ikiua kwa kiu. Reli yenyewe utaiona ikikufuata kando ya barabara. Karibu na Taveta kuna kilima cha Salaita, kidogo kisichotisha. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walikishambulia wakitarajia ushindi rahisi, wakarudishwa nyuma na askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani. Hao walioshindwa, baadhi yao walikuwa wakiwadharau askari weusi hadi asubuhi ile.

Taveta kuna makaburi ya kijeshi yanayotunzwa vizuri, Maktau pia, ambako walizikwa wanajeshi kutoka India. Simameni dakika kumi. Wapagazi wa Kiafrika, waliokufa kwa maelfu katika vita hivyo kwa njaa na maradhi, wengi wao hawana kaburi lenye jina, na mtoto mwenye akili atauliza kwa nini.

8. Taveta: ndizi, maji, pesa

Fikeni siku ya soko kama mnaweza. Soko kubwa hufanyika mara mbili kwa wiki, nalo huvuta wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka. Mikungu ya ndizi imepangwa chini hadi njia inakuwa nyembamba, ya kupika upande huu, ya kuivisha upande ule, na malori ya Mombasa yanangoja. Mchuuzi akikuita "mwanangu" jua bei imepanda kidogo. Mjibu "mama, nipunguzie, nina watoto wengi" na mambo yataendelea vizuri.

Jaza maji hapa. Mji huu una bahati ya chemchemi zinazotokana na Kilimanjaro, jambo ambalo Voi inalionea wivu. Beba maji ya kunywa katika jerikeni, si katoni za chupa, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za Kenya: chupa za maji, vikombe, sahani, mirija. Mifuko ya plastiki yenyewe imepigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Piga hesabu ya lita tano kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa, halafu ongeza jerikeni moja.

Kuhusu simu: karibu na mpaka inaweza kudaka mtandao wa Tanzania, na salio likayeyuka. Zima data unapoona jina geni juu ya kioo.

9. Chala ni ziwa la kutazama

Kaskazini mwa Taveta kuna shimo la volkano lililojaa maji, na hilo ndilo Ziwa Chala. Eneo lake ni kama kilomita za mraba nne tu, lakini kina chake ni takriban mita 90, na maji yake huja chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Rangi hubadilika kwa saa na majira, mara kijani, mara samawati iliyokolea. Ukisimama ukingoni upande wa Kenya, ukingo ule mwingine ni Tanzania.

Egesha mbali na ukingo, weka jiwe nyuma ya gurudumu, shika watoto mkono. Njia ya kushuka majini ni ya mteremko mkali wenye changarawe inayoteleza. Na hakuna kuogelea. Mamba wamo; mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba katika ziwa hili. Utamkuta kijana atakayekuambia kwamba yeye huogelea kila siku na hajawahi kuona kitu. Mshukuru, ukae ulipo.

Asubuhi na mapema ndiyo saa ya Kilimanjaro. Ikifika saa nne mlima huwa umeshajifunika mawingu, kwa hiyo anayelala mpaka jua kali atapiga picha za mawingu.

10. Jipe: kaa usiku miwili, la sivyo usiende

Jipe halina uzuri wa kukurukia. Ni ziwa la kina kifupi, maji yake hayazidi mita tatu, na kando yake matete yameota mnene kiasi kwamba mgeni anaweza kufika ufuoni na kuuliza ziwa liko wapi. Mto Lumi huleta maji na udongo kutoka upande wa Kilimanjaro, na udongo huo ndio unaoyalisha matete na kulipunguza ziwa. Anayefika saa sita mchana, akapiga picha na kuondoka saa nane, atakuambia hakuona kitu, na atakuwa amesema kweli.

Ubora wake ni alfajiri. Viboko wanarudi majini wakinguruma, milima ya Pare ng'ambo inaanza kupata rangi, na wavuvi wanatokea ndani ya matete mmoja mmoja, wamesimama kwenye mitumbwi na upondo mkononi. Upondo unazama, mtumbwi unasogea, upondo unatoka ukidondosha tope. Ndani ya mtumbwi kuna perege na kambare. Aina moja ya perege waliomo humu imepewa hata jina la kisayansi kutokana na ziwa hili, na iko hatarini kutoweka, kwa hiyo samaki mdogo kuliko kiganja usimnunue hata ukipunguziwa bei. Nunua wa kutosha chakula cha mchana tu, kwa sababu barafu yako imeshayeyuka zamani.

Mahali pa kulala: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina uwanja wa kambi na mabanda ya kukodi ndani ya hifadhi kando ya ziwa. Malipo ni kwa njia ya eCitizen, si taslimu, kwa hiyo lipia mapema ukiwa na mtandao mzuri, na uhifadhi risiti kwenye simu pamoja na karatasi. Tiketi huhesabiwa kwa saa 24, na ya Tsavo Mashariki haikuingizi Tsavo Magharibi. Ukitaka kulala nje ya lango, katika vijiji kama Mkwajuni, usiegeshe tu kama nchi haina wenyewe. Muulize chifu au mzee wa kijiji, eleza mko wangapi, lipa mtakachokubaliana. Familia iliyobisha hodi hulindwa na kijiji kizima.

Usiku hapa una kanuni zake. Kiboko hutoka majini kula majani na hurudi kwa njia ile ile, basi egesha mbali na vichochoro vilivyokanyagwa kwenye nyasi. Hakuna mtu kushuka garini gizani, ndiyo maana mnahitaji ndoo yenye kifuniko kwa watoto, na watu wazima pia waache aibu. Chakula chote kiwe ndani ya sanduku lililofungwa. Nyani wa Tsavo wanajua zipu ni nini. Na zile ndizi za Taveta? Zimalizeni kabla ya kuingia hifadhini au wapeni watu. Tembo hunusa matunda kwa mbali, na bati la Hiace si kitu mbele ya mnyama mwenye hamu ya ndizi mbivu.

Watoto wasichezee maji ya ufuoni. Mbali na mamba na viboko, kichocho ni ugonjwa unaojulikana nchi hii ya Taveta. Asubuhi kila kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana nge hupenda mahali penye joto. Nguo za buluu na nyeusi ziache nyumbani kwa sababu zinavuta mbung'o.

11. Ukiamua kuvuka mpaka

Taveta na Holili zina kituo cha pamoja, kwa hiyo Kenya na Tanzania mnazimaliza mahali pamoja. Kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi kuingia Tanzania. Kila mtu awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, watoto nao wakiwemo. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya mzazi mwenzake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike. Gari linahitaji kadi ya logi, kibali cha muda cha forodha, na bima ya COMESA, ile kadi ya njano, ambayo Tanzania inaitambua. Kama gari ni la kukodi au la mjomba, sharti uwe na barua ya mwenyewe inayokuruhusu kulivusha. Mjomba asiandike barua hiyo kwenye WhatsApp.

12. Kama siku ni chache

Mwenye usiku mitano: mmoja Voi, mmoja Wundanyi, mmoja Taveta au Chala, miwili Jipe. Mwenye usiku mitatu atasikia ushauri wa kugusa kila mahali kidogo kidogo, na ushauri huo ni mbaya. Akate Wundanyi, maana huko atarudi siku nyingine hata kwa matatu. Chala apite asubuhi bila kulala. Ratiba ya Jipe asiiguse, na ahakikishe anafika langoni mapema: geti hufungwa saa kumi na mbili jioni, na askari aliyepo hana ruhusa ya kukuhurumia.